Simenti Juu ya Ukuta wa Kibla

Mvua ikinyesha huku kwetu watu hufurahi mpaka wakarukwa na akili. Utaona magari yamejipanga kutoka Nizwa mpaka Tanuf, familia nzima na birika zao za kahawa, wanakwenda kutazama wadi, lile bonde kavu, likishuka maji. Mimi furaha hiyo sina. Mvua ikinyesha hukaa ndani nikazisikiliza kuta, hata hizi za nyumba yangu zilizojengwa juzi kwa matofali ya kiwandani. Wanangu hunicheka. Wiki iliyopita binti yangu alichoka na mambo yangu, akaniambia, "Mama, yalla, leo utatoka," akanitia garini. Akazunguka huku na huku kukwepa barabara zilizofungwa na maji, na bila ya kujua akanifikisha mahali ambapo nimepakimbia miaka mingi: kijiji chetu cha zamani, chini ya mlima, si mbali na Al Hamra.

Mtaa wa zamani hauna mtu sasa. Watu wote wamehamia kando ya barabara, kwenye nyumba za mageti makubwa, na huko wana msikiti wao mpya wenye mnara na viyoyozi. Tulishuka tukapita kwa miguu vichochoroni, mitende inadondosha maji, harufu ya udongo uliorowa inanipanda kichwani, hata tukafika mbele ya kile kimsikiti kidogo. Mgongo wangu ukawa baridi palepale. Binti yangu akauliza, "Huu nao msikiti? Mbona hauna mnara?" Yeye nilimjibu kwa kifupi. Wewe kaa kitako, nikueleze yote.

Misikiti ya zamani ya huku haikuwa na minara. Kwa nje ungeudhani nyumba ya mtu: kuta za udongo, mlango mfupi wa kukuinamisha, ngazi nyembamba ya kupandia darini alikoadhinia muadhini. Ndani mlikuwa na nguzo nne za mviringo, fupi na nene, ambazo mtoto hawezi kuzikumbatia, na juu yake matao yaliyobeba magogo ya mtende. Juu ya magogo makuti, juu ya makuti mikeka, na juu ya mikeka udongo uliokandwa kwa makapi ya ngano. Kuta zilikuwa nene hata ukiweza kumlaza mtoto kwenye dirisha. Nje jua linachoma, ukiingia ndani unapokewa na ubaridi, na harufu ya ubani na mikeka mikuukuu. Mfereji wa falaji, unaoleta maji kutoka mlimani, ulipita nyuma yake, ukigusana kabisa na msingi wa ukuta wa kibla.

Na fahari ya kijiji ilikuwa kwenye ukuta huohuo. Hapo palikuwa na mihrabu ya jasi nyeupe, imechongwa kwa mkono kutoka chini hadi juu: maua, nyota, vishada vya zabibu, mistari ya maandishi, na katikati ya tao bakuli dogo la kauri ya Kichina, buluu na nyeupe, limepachikwa ukutani. Ilisemwa kwamba mchongaji alikuja kwa miguu kutoka Manah, akakaa msimu mzima, analishwa na kila nyumba kwa zamu. Jina lake alilichonga chini kabisa, karibu na sakafu, akijiita mja mwenye dhambi na kumwomba kila mpitaji amwombee dua. Mimi nililisoma jina lile kila siku kwa karibu miaka miwili, na leo silikumbuki.

Sisi tulikuwa tumerudi kutoka Unguja. Nasema tumerudi kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi, maana mimi nilizaliwa kulekule, na baba vilevile. Babu wa baba ndiye aliyetoka kijiji hiki. Kule tulikuwa Waarabu, huku tulipofika tukawa Wazinjibari. Baba alikuwa mwashi hodari, mtu aliyejenga kwa mawe na chokaa na simenti tangu ujana wake, lakini kijijini alikuwa yule Mzinjibari tu, anayechanganya maneno. Msikitini akisali safu ya nyuma. Kahawa ilimfikia mwisho. Hakuna aliyemtukana, ila kulikuwa na mlango mmoja hivi, usioonekana, ambao hakuwahi kufunguliwa, na mimi mtoto nikiuona kwa jinsi alivyorudi nyumbani akavua viatu vyake kimya.

Kila mwaka, tende zikishavunwa, wanaume wa kijiji walikusanyika kuupaka msikiti udongo mpya. Kiongozi wa kazi alikuwa jirani yetu, mzee mfupi mwenye miguu myeusi mpaka magotini kwa kukanyaga matope maisha yake yote. Ujanani aliwahi kufungua duka Pemba, kwa hiyo alisema nasi Kiswahili, na watoto tulimpenda kwa hilo. Walichimba udongo bondeni, wakaumimina kwenye shimo na makapi na maji, wakaukanyaga huku wakipokezana kuimba, kisha wakaupandisha darini kwa vikapu. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kuchukua maji ya falaji kwa ndoo, na bibi yangu alituma sinia la visheti, ambavyo wenyeji walivigeuzageuza mkononi kwanza, kisha vikaisha.

Lakini bibi moyo wake haukutulia. "Jamani, nyumba ya Mungu ya udongo!" alisema jioni ya kazi hiyo, anapepeta mchele. "Kwetu sie udongo wa kujengea kuku banda. Na weye mwanangu fundi, waona hivi hivi, hwoni haya?"

Hapo ndipo kosa letu lilipoanzia, na ni kosa ambalo asingelifanya mtu mwingine ila sisi. Kwa Mzinjibari jengo la heshima ni jiwe. Udongo ni ufukara, ni kibanda cha shamba. Baba aliwaonea huruma watu wale kwa kupaka na kupaka kila mwaka. Akaenda kwa wazee wa kijiji, akawaambia kwa Kiarabu chake cha kuvunjika kwamba ataupaka msikiti simenti, ndani na nje na darini, kwa mikono yake, wala hatataka ujira, na kazi ile ya kila mwaka itakuwa imekwisha milele. Wazee walifurahi. Nani hafurahi kupunguziwa kazi?

Jirani peke yake hakufurahi. Alikuja kwetu alasiri, akakaa barazani, bibi akamtilia kahawa.

"Mwanangu," akamwambia baba, "ukuta ule una kiu. Unakunywa kwenye falaji chini, kisha maji hutokea ubavuni, jua likayachukua. Ukiuvisha hiyo simenti, yatatokea wapi?"

"Hayataingia, ami," akasema baba. "Ndiyo maana ya simenti."

"Yashaingia zamani, wallahi. Yamo tangu enzi za wazee wetu."

Baba akacheka. Akamwambia, "Ami, weye wachelea kukosa kazi ya kukanyaga matope." Alisema kwa mzaha, na jirani akatabasamu kwa adabu, lakini hakumaliza kahawa yake.

Kazi ilichukua wiki mbili na ziada. Ulikuwa msimu wa furaha kuliko yote niliyoijua kwetu. Kutoka uani nilisikia mwiko wa baba ukikwaruza, shaa, shaa, na yeye mwenyewe akiimba chini kwa chini. Aliusawazisha ukuta wa kibla kwa ubao mpaka ukawa laini kabisa, akaizunguka mihrabu pole pole kwa kisu kidogo ili simenti isiguse hata ua moja. Alipomaliza akapaka chokaa. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani kuutazama. Sala ya kwanza, mzee mmoja alimshika baba mkono akamvuta safu ya mbele, nyuma ya imamu kabisa. Kuanzia siku ile hakuwa tena Mzinjibari. Wakamwita usta wetu, fundi wetu. Kahawa ikaanza kumfikia mwanzo, na bibi akaanza kualikwa kwenye nyumba ambazo zamani akizipita tu. Jirani yeye alihamia safu ya nyuma, karibu na mlango, akasema magoti yanamuuma.

Sasa nisikilize vizuri. Chuo chetu cha Kurani kilikuwa mlemle msikitini, asubuhi. Mwalimu, ambaye ndiye aliyekuwa imamu, alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa na fimbo ya mtende. Kwa kuwa matamshi yangu yalimkera, aliniweka mbele karibu naye, mgongo kwenye ukuta wa kibla, kando tu ya mihrabu. Asubuhi moja, miezi michache baada ya kazi ya baba, nilihisi baridi mgongoni. Nikagusa nyuma ya nguo yangu. Ilikuwa na unyevu.

Kesho yake nikagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole, wenzangu wakisoma kwa sauti. Juu ulijibu kama jiwe. Chini, usawa wa kiuno changu, ulilia mtupu. Nikaukuta ufa mwembamba kama unywele, nikauchokoa kwa ukucha mpaka kipande cha simenti kikatoka, kidogo kuliko sarafu, na kidole changu kikazama ndani. Mle ndani hamkuwa na ukuta. Mlikuwa na tope laini, baridi, kama uji uliolala. Nikatoa kidole, nikakifuta kwenye mkeka, nikakirudisha kile kipande mahali pake. Zamu yangu ilipofika nikashindwa kusoma aya niliyoijua vizuri, na mwalimu akanichapa.

Nilikuwa na miaka kumi, lakini nilifahamu kila kitu. Mtoto aliyesikia maneno ya jirani barazani hakuhitaji kufafanuliwa. Nilifahamu kwamba ule ukuta mweupe ulikuwa ganda tu, na kwamba nikisema neno moja, simenti itabanduliwa mbele ya kijiji kizima, jirani atakuwa kasema kweli, na baba atarudi safu ya nyuma. Tayari nilimwona kwa mawazo akivua viatu vyake kimya. Sikuweza. Nikajiambia labda utakauka.

Haukukauka. Kila asubuhi nilikaa palepale nikauegemea ule ufa ili mwingine asiuone. Niliuziba kwa chokaa niliyoikuna kwenye dirisha. Ulirefuka, ukapanda kuelekea kwenye mihrabu, ukaingia chini ya maua ya jasi, na ua moja likaachana na mwenzake. Usiku sikupata usingizi, mchana sikuweza kula, bibi akanipikia uji wa pilipili manga akidhani nina homa. Siku moja msichana mdogo alikuja kukaa karibu nami akataka kuegemea. Nikamsukuma kwa nguvu akaanguka. Mwalimu alinichapa viganja vyote viwili na kuniuliza kwa nini, nami nikarudi kuuegemea ukuta. Nyumbani baba aliposikia alinitazama kwa masikitiko. "Wataka watu waseme watoto wetu hawana adabu?" akaniuliza. Palepale nilifungua kinywa nimwambie. Mlango ukabishwa, wakaingia wazee wawili waliokuja kumwomba akapake simenti msikiti wa kijiji cha pili. Baba aliinuka kuwapokea, uso wake umeng'aa. Nikafunga kinywa changu.

Wiki sita zilipita hivyo. Kisha ikaja mvua ya baridi, ile inayonyesha bila ya kelele, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza watu walimshukuru Mungu, na wengine wakamshukuru baba, kwamba mwaka huu dari haivuji. Siku ya pili falaji ilijaa ikamwagika nje ya kingo zake, na chuo kikafungwa. Siku ya tatu, alasiri, nilipanda darini kwetu kuokoa nguo zilizosahauliwa kambani tangu juzi, nikauona msikiti kwa nyuma. Ukuta wa kibla ulikuwa umetoka tumbo.

Adhana ilikuwa imekwisha. Niliwaona wanaume wakiingia mmoja mmoja, wamejifunika vichwa, na baba alikuwa miongoni mwao. Naona aibu kukuambia, lakini ni kweli: hata pale nilisimama, nguo mkononi, nikihesabu wanaoingia. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu ikikimu sala, nikakumbuka kwamba imamu husimama ndani ya mihrabu yenyewe, peke yake, mbele ya wote.

Nilikimbia bila viatu, bila mtandio. Msichana kuingia msikitini wanaume wakisali lilikuwa jambo lisilotajika. Nilisimama mlangoni, na Kiarabu chote kikanitoka, kilichobaki ni Kiswahili. "Baba, ukuta! Tokeni! Ukuta waanguka!"

Hakuna aliyegeuka. Hawakufahamu. Wawili tu ndio waliofahamu. Baba, safu ya mbele, nilimwona mabega yakimkaza, lakini hakuikata sala. Jirani, pale karibu na mlango, aliikata. Mzee yule wa magoti mabovu aliruka, akavuta kanzu za watu, akipiga kelele kwa Kiarabu, "Barra! Barra!" yaani nje, nje. Kipande cha jasi kikadondoka. Hapo safu zikavunjika, watu wakasongamana kwenye ule mlango mfupi, kila mmoja akiinama, na mlango ukawa kana kwamba umezidi kuwa mdogo. Mwalimu alikuwa bado amesimama kwenye mihrabu. Nilimwona baba, aliyekwishafika mlangoni, akirudi ndani. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo koo langu linaukumbuka. Alimkumbatia mwalimu kiunoni, akamburura kama gunia, wakatoka wote wawili kwa magoti.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulikaa chini, basi, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka. Ganda la simenti likasimama peke yake kitambo kidogo, kisha likakatika. Kwa ndani lilikuwa limejaa tope. Mihrabu ile, maua yake, jina la yule mja, vyote vilishuka matopeni, na maji ya falaji yakapita juu yake.

Hakuna aliyeumia. Tulisimama mvuani, watu wananishika kichwa, wananiombea dua. Mwalimu aliyenichapa akapiga magoti mbele yangu, ndevu zinachuruzika maji, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona ukuta umetoka tumbo, kutoka darini kwetu. Akauliza lini.

"Alhin," nikasema. Sasa hivi.

Neno hilo moja ndilo lililotupatia kijiji. Niliitwa msichana aliyewaokoa wanaume ishirini, kila nyumba ikaleta halua na mbuzi wawili wakachinjwa. Baba hakulaumiwa na mtu. Walimwambia ni kadari, walimwambia hakuna aliyejua, na wakamrudisha safu ya mbele kwenye uwanja uliotumika kusalia kwa muda. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi nyuma. Hakushika mwiko tena. Alikwenda kwa jirani, akavua viatu, akaingia naye shimoni kukanyaga udongo, na wakaujenga ukuta upya wawili wao, jirani anamfundisha na yeye anafuata, bila ya kuzungumza mengi. Ukawa ukuta mzuri, umesimama hadi leo. Ila mihrabu ni shimo tupu la udongo, kwani hapakuwa tena na mtu wa kuchonga jasi namna ile. Baadaye baba akapata kazi ya kulinda karakana kule Firq, na nyumbani kwetu hapakusikika tena mtu akiimba chini kwa chini.

Wangeliweza kuibandua simenti. Nilimsikia jirani mwenyewe akisema, wiki ile ya kujenga: wangelijua mwezi mmoja kabla, wangeibandua, jua lingeukausha, na mihrabu ingepona. Mwezi mmoja. Mimi nilikuwa na wiki sita.

Baba alifariki miaka michache iliyopita, hospitalini, baada ya ugonjwa mrefu. Asubuhi moja katika zile za mwisho, nilikuwa namlisha uji, akauzuia mkono wangu.

"Mwanangu," akasema, "weye ndo ulokuwa ukikaa pale, kila siku, mgongo ukutani. Kabla ya siku ile, hukuona kitu?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza. Nilimtazama, mifupa mitupu, macho yananisubiri. Nikasema, "Sikuona kitu, baba."

Akashusha pumzi ndefu. "Alhamdulillah," akasema. "Nikiogopa isije ikawa mtoto aliona, na mie fundi sikuona." Akafungua kinywa nimpe kijiko kingine.

Sijui mpaka leo kama nilimdanganya kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Jirani ameshakufa, mwalimu ameshakufa, bibi ndiyo zamani sana, na wale wote walioniombea dua mvuani hawapo. Nimebaki na kweli yangu, sina wa kumpelekea.

Binti yangu aliinama akapita kile kimlango, akaingia, nikamfuata. Ndani mlikuwa na ubaridi uleule. Alitazama nguzo, akapapasa matao, akapiga picha kwa simu yake, kisha akasimama mbele ya ukuta wa kibla akashangaa mbona huu mtupu, hauna hata ua moja, na misikiti mingine ya zamani ina mihrabu nzuri mno.

Nikamwambia ukuta wa zamani uliangushwa na mvua.